Salamu Mia Sita Kwenye Katalogi

Mkutubi wa dawati la maulizo alikuwa na kipaji kimoja ambacho hata wasiompenda walikikubali. Ukimtajia rangi ya jalada tu, kitabu unacho. Ukimwambia rangi umeisahau, atakuuliza ulikisoma ukiwa wapi, ulikuwa mzima au mgonjwa, kilikuchekesha au kilikuliza, na baada ya maswali manne hivi atanyanyuka, atapotea katikati ya makabati, na kurudi nacho akikipangusa vumbi kwa kiganja. Alikuwa amekalia kiti kilekile miaka kumi na tisa. Kusema kweli alikuwa pia mkali, mwenye kinyongo kirefu, na aliyeamini kabisa kwamba jengo zima lingeporomoka siku akienda likizo.

Jumatatu asubuhi kiti hicho kikaingia mashakani. Mkuu wa maktaba, bwana aliyependa takwimu kuliko vitabu na aliyenyoosha suruali zake kwa pasi mpaka mstari wa mbele ukawa wa kuogopwa, alimletea habari mwenyewe. Kamati ingekutana Alhamisi saa nne. Kulikuwa na hoja ya kuliondoa dawati la maulizo, kwa kuwa siku hizi wasomaji wanajitafutia wenyewe kwenye zile kompyuta sita za katalogi zilizopangwa ukutani. Hoja ikipita, mkutubi angehamia chini, kwenye chumba cha kushona vitabu vilivyochanika, ambako hakuna dirisha, hakuna msomaji, na harufu ya gundi haitoki hata ufanyeje.

"Sitaki kumwonea mtu," Mkuu akasema. "Nataka takwimu. Watu wanatafuta nini kwenye zile mashine, na je, wanakipata? Wakikipata, dawati halina kazi. Wasipokipata, tutazungumza."

"Takwimu zenyewe nitazitoa wapi?"

"Zimo kwenye mtambo. Kila msomaji akitafuta kitu, mtambo unatunza anwani ya ukurasa aliofungua, na alichoandika kimo humohumo ndani ya anwani. Wewe zichambue tu."

Akaenda zake akiliacha lile "tu" mezani. Mkutubi alifungua faili akakuta anwani elfu kumi na nne na mia tatu, moja chini ya nyingine, kila moja ndefu kama treni ya mizigo. Mbele jina la tovuti ya maktaba, kisha mikwaju, yaani vile vistari vya mshazari, kisha alama ya kuuliza, kisha "neno=" na kile alichoandika msomaji, kisha alama ya &, kisha "mashine=" na namba ya kompyuta, kisha "idadi=" yaani vitabu vingapi vimepatikana, na mwisho tarehe. Akavaa miwani, akachukua daftari na kalamu, akaanza kunakili. Mpaka saa ya chakula alikuwa ameshanakili anwani mia moja na kumi na mbili, na mkono unamuuma. Akapiga hesabu ya siku zilizobaki, akaona haingii, akampigia simu shemeji yake.

Shemeji, mdogo wa mumewe, alikuwa fundi wa kompyuta na mtani wa kazi. Tangu siku ya harusi alikuwa hajakosa hata mara moja nafasi ya kumchokoza, na yeye hakuwa amekosa kumrudishia. Alifika Jumanne asubuhi, akaliona daftari, akalishika kwa vidole viwili.

"Shemeji. Umekuwa ukinakili kwa mkono?"

"Kwa kalamu ya wino, tena."

"Zote elfu kumi na nne?"

"Nilikuwa na nia ya kumaliza kabla sijastaafu."

Shemeji akavuta kiti. Alimweleza kwamba kazi kama hiyo haifanywi kwa macho, inafanywa kwa ruwaza: kamba fupi ya alama inayoiambia kompyuta umbo la kitu unachokitaka, sio kitu chenyewe. "Ni kama unavyomwelekeza kaka miwani yake iliko. Humwambii iko kwenye kiti gani, maana hujui. Unamwambia pita mlango, geuka kushoto, kinachong'aa ndicho."

"Na huwa haioni."

"Ruwaza ina akili kuliko kaka. Haya, andika mwenyewe. Nikikuandikia mimi, Mkuu akikuuliza utamjibu nini?"

Akamfundisha alama tatu. Mabano ni mfuko, kitakachonaswa ndani yake ndicho utakachobaki nacho. \w ni herufi au tarakimu. Alama ya kujumlisha ni "endelea mpaka ziishe". Mkutubi, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo, akaandika neno=(\w+), yaani ukifika penye "neno" na alama ya sawasawa, anza kuokota herufi, usiache mpaka ziishe. Shemeji akamwambia abonyeze. Kazi ya miezi ikaisha kabla hajaondoa kidole, na kompyuta ikapanga maneno yaliyotafutwa zaidi kuanzia juu.

La kwanza lilikuwa "shikamoo", mara elfu mbili mia tisa na nne. La pili "samahani". La tatu "naomba". La nne "hujambo", mara mia sita na kumi na moja. La tano "tafadhali".

Shemeji aliitazama skrini. Kisha akalaza paji la uso juu ya dawati na mabega yakaanza kutikisika.

"Mpelekee Mkuu," akasema alipopata pumzi. "Aagize vitabu vya shikamoo. Juzuu tatu, zenye picha."

"Ruwaza yako imekosea."

"Ruwaza yako, shemeji. Mikono iliyoandika ni yako." Akajifuta machozi, akamwonyesha. Ndani ya anwani hakuna nafasi kati ya maneno, kila nafasi imegeuzwa kuwa alama ya kujumlisha. Ruwaza iliambiwa iokote herufi tu, ikaokota neno la kwanza, ikakutana na alama isiyo herufi, ikasimama. "Ina haya mno. Umeipakulia sahani nzima, imekula kijiko kimoja, ikashukuru."

"Basi tuifundishe kula."

Akamwonyesha nukta na nyota: nukta ni kitu chochote, nyota ni kwa wingi wowote. Mkutubi akaandika neno=(.*) na kubonyeza kwa kujiamini. Safari hii ruwaza haikuacha kitu. Ilikomba alichoandika msomaji, ikakomba namba ya mashine, idadi na tarehe, mpaka mwisho wa mstari.

"Sasa imekula na sahani," shemeji akasema. "Hii nimeshawahi kuiona kwenye harusi. Nadhani ilikuwa imekaa karibu na kaka."

"Kaka yako."

"Mume wako."

Mkutubi hakucheka. Alikuwa ameinamia zile anwani kama anavyomwinamia msomaji asiyekumbuka jina la kitabu. "Subiri," akasema. "Nikiiambia ichukue nini, inakosea. Siwezi kuiambia isiguse nini? Maana kila alichoandika mtu kinaishia kwenye ile &. Iokote chochote, ila ikiiona hiyo isimame."

Shemeji akakaa wima. "Inawezekana. Unaweka mabano ya mraba, ndani yake unaanza na kile kialama cha kofia, kisha hicho kisichoguswa." Akamwangalia akiandika neno=([^&]*), herufi kwa herufi, bila kumsaidia. "Shemeji, umeanza kuwa mtu wa hatari."

Ruwaza ya tatu haikuwa na haya wala uroho. Wakaziondoa zile alama za kujumlisha, wakarudisha nafasi, na pale walipotarajia orodha ya maneno wakakuta watu wanazungumza. "shikamoo dada naomba kitabu cha hesabu chenye majibu nyuma". "samahani kwa usumbufu kuna kitabu cha kutengeneza friji". "naomba kile cha jana". Elfu saba na mia tano na themanini zilianza kwa salamu au ombi, na kila moja pembeni yake ilikuwa na idadi sifuri, kwa sababu mashine ilikuwa inatafuta kitabu ambacho jina lake linaanza na shikamoo.

"Kitu kimoja sielewi," shemeji akasema. "Mtu mwenye akili timamu anaisalimia vipi mashine?"

Macho ya mkutubi yalikuwa yamepanda ukutani, juu ya zile kompyuta sita. Shemeji akayafuata. Palikuwa na kibao cha mbao, kimeandikwa kwa mwandiko wa mkutubi, kwa rangi nyekundu isiyo na mzaha: SALAMU KWANZA, KISHA SWALI.

Kibao hicho kilikuwa cha dawati. Alikiandika zamani, baada ya mwanafunzi mmoja kumjia na kumtupia neno "Jiografia" bila hata habari ya asubuhi. Wiki ile kompyuta zilipoletwa, dawati lilikuwa linapakwa vanishi, na yeye mwenyewe akakitundika kibao pale ukutani kwa siku mbili kisichafuke. Siku mbili hizo sasa zilikuwa miaka miwili.

Shemeji alinyanyuka, akaenda mpaka chini ya kibao, akakisoma kwa sauti ya taratibu kama anasoma tangazo la mtihani, akarudi, akaketi. Hakusema neno. Mkutubi angependelea aseme.

Ili kuondokana na uso wa shemeji yake, akarudi kwenye orodha. Zile "hujambo" zilimshangaza. Zote mia sita na kumi na moja, bila kukosa moja, zilitoka mashine namba tatu, kati ya saa tatu na saa nne asubuhi. Hapo hakuhitaji ruwaza. Wafanyakazi wote wa maktaba walimjua mtu wa mashine namba tatu. Walimwita Namba Tatu: mzee mwembamba, koti limefungwa vifungo vyote, anayeandika kwa kidole kimoja, kisha anaegemea nyuma na kulitazama dawati la maulizo kwa jicho kali. Miezi ya mwanzo mkutubi alimsalimu kila akipita. Mzee aliitikia kwa kuguna, shingo haigeuki. Mkutubi akamtia kwenye daftari lake la kinyongo na kuacha.

Akazipanga kwa tarehe, akaanza kusoma.

"hujambo mwanangu naomba mpima ardhi wa ng'ambo sehemu ya pili". Kesho yake: "hujambo mwanangu ni mimi wa jana umesema nijaribu tena nimejaribu". Kesho kutwa: "hujambo mwanangu nadhani jana ulikuwa na kazi nyingi". Baada ya miezi mitatu: "hujambo mwanangu si kwa ajili yangu ni mke wangu macho yake hayasomi tena mimi namsomea baada ya chakula cha mchana". Mwaka mmoja mbele: "hujambo mwanangu leo sina swali nimekusalimu tu". Idadi sifuri. Na ya jana, Jumatatu: "hujambo mwanangu safari hii ni dharura".

Mashine ilikuwa imemjibu kila mara kwa mstari uleule inaomjibu kila mtu: Hakuna kilichopatikana. Tafadhali jaribu tena. Na yeye, siku mia sita na kumi na moja, alikuwa amejaribu tena.

Mkutubi aliona aibu, ile aibu ya kuchoma masikio. Tena alikijua kitabu. Sehemu ya kwanza ilikuwa kabatini, hatua kumi na mbili kutoka kwenye kiti chake. Sehemu ya pili hajawahi kuishika, kwa sababu haipo. Angemwambia siku ya kwanza, kwa nusu dakika, kama angeulizwa yeye.

"Shemeji," akasema shemeji yake, na utani ulikuwa umemtoka sautini. "Hizi mpe Mkuu. Dawati limepona."

Jumatano saa tatu na nusu Mkuu alikuja kusikiliza. Mkutubi alimweleza zile namba moja baada ya nyingine, na Mkuu akasikiliza vizuri kabisa, kisha akamgeukia shemeji.

"Je, mashine inaweza kufundishwa iziruke hizo salamu?"

"Rahisi sana," shemeji akasema, kwa fahari ya fundi aliyeulizwa kitu anachokijua. "Ruwaza ya mstari mmoja. Shikamoo, samahani, naomba, zote zinakatwa mbele kabla ya kutafuta." Ndipo akaliona jicho la mkutubi. Alishachelewa.

"Uweke huo mstari tuone," Mkuu akasema.

Akauweka, kwa mikono ya mtu anayechimba kaburi la jirani. Wakazipitisha upya zile elfu saba na mia tano na themanini. Mashine, bila salamu kuitatiza, ilipata vitabu vya karibu wote. Zilibaki mia saba na mbili.

"Kwa hiyo tatizo halikuwa mashine," Mkuu akasema. "Tatizo lilikuwa kibao."

Siku tatu mkutubi alikuwa amefanya kazi kwa bidii, amejifunza alama za ajabu uzeeni, na matunda yake ni kwamba amejiondoa kitini kwa mkono wake mwenyewe. Akagonga skrini kwa kalamu. "Na hizo mia saba?"

"Ni za nani?"

"Mia sita na kumi na moja ni za mtu mmoja. Yule pale."

Mkuu alitazama saa, akamtazama Namba Tatu aliyekuwa ameshaketi na kidole chake kimoja hewani. "Msomaji mmoja si sababu ya dawati," akasema. "Lakini twende. Nataka nimsikie kwa masikio yangu."

Wakaenda wote watatu. Kwenye mashine za jirani kulikuwa na wanafunzi wanne, na wote walipunguza kuandika. Mkutubi alisimama pembeni ya mzee.

"Shikamoo, mzee."

Namba Tatu aligeuka polepole, koti na shingo kwa pamoja. "Marahaba," akasema. "Leo umeona uje mwenyewe."

"Nimekuja."

"Miaka miwili." Akamgeukia Mkuu, ambaye kwa zile suruali alimdhania kuwa mtu mkubwa. "Miaka miwili namwandikia huyu, bwana. Kila siku namsalimu, namwita mwanangu. Hajaniitikia hata mara moja. Ananijibu mstari mmoja, uleule, hakuna kilichopatikana. Na namwona pale alipo anabonyeza, najiambia leo ataandika kingine. Haandiki."

"Mzee, ile siyo..." shemeji akaanza, na mkutubi akamkanyaga mguu.

Ukweli ulikuwa mdomoni mwake, na ulikuwa mtamu. Angesema tu: mzee, sikuwa mimi, ilikuwa mashine. Mkuu angeiona kwa macho yake kasoro ya mtambo, na dawati lingekuwa na hoja ya kupeleka kwenye kamati. Lakini mzee angejua, mbele ya wanafunzi wanne, kwamba miaka miwili alikuwa anaupa ukuta hujambo. Mkutubi aliitazama ile kola safi na vile vifungo vilivyofungwa vyote. Alijua kwamba mzee angeinuka kwa heshima zake, angeaga, na asingekanyaga tena mle ndani.

Akainama kidogo. "Ni kweli, mzee. Sikukujibu vizuri. Nisamehe."

Mkuu akatoa kalamu. "Kwa hiyo mzee una malalamiko kuhusu dawati la maulizo."

Harufu ya gundi ilimjia mkutubi puani kutoka chini kabisa ya jengo.

"Nani kalalamika?" Namba Tatu akasema. "Nimesema ni mkali. Sijasema hafai. Miaka miwili, bwana, huyu hajanisubirisha hata dakika moja. Ninauliza, amejibu. Nenda ofisi yoyote ukaulize kitu, uone kama utajibiwa siku hiyohiyo. Huyu nikija na mafua, ananijibu. Nikikosea herufi, ananijibu, na haniambii nimekosea. Ananikatalia, lakini ananiambia tafadhali. Ananiambia jaribu tena. Kwa umri wangu huu, nani mwingine ananiambia nijaribu tena?"

Shemeji aligeukia dirishani na kuanza kuhesabu kitu nje. Mkuu alikitazama kibao, akaitazama skrini, akautazama uso wa mkutubi, na kwa kuwa hakuwa mjinga, kalamu ikarudi mfukoni bila kuandika.

"Mhudumie," akamwambia.

Mkutubi akamchukua mzee mpaka kwenye dawati, akamvutia kiti. Mkuu akawafuata, akasimama kando.

"Sasa, mzee. Dharura ni ipi?"

"Nataka sehemu ya pili. Leo."

"Haipo, mzee. Haiko hapa wala popote. Mwandishi alitoa ya kwanza, akaahidi ya pili, kisha akafungua duka la miwani. Hakuandika tena."

Namba Tatu alilitafuna jambo hilo polepole, na mkutubi akamwacha alitafune.

"Kwa hiyo siku zote ulikuwa unaniambia kweli."

"Ndiyo. Ila kwa maneno machache mno."

"Machache mno," mzee akakubali. Akasogeza kiti karibu na kushusha sauti, lakini Mkuu alikuwa ameshasogea pia. "Basi nimekwisha. Mke wangu anadhani ninayo. Tulipomaliza ya kwanza aliniambia endelea, na sikuwa na moyo wa kumwambia kimeishia hapo. Nikachukua kitabu changu cha mabomba ya maji, nikakifungua mbele yake, nikaendelea. Kurasa anazisikia zikifunuliwa. Miaka miwili namsomea vitu ambavyo havimo. Mpima ardhi ameshavuka ng'ambo, amepima mji mzima, amegombana na mkuu wa wilaya, mwalimu wa kike amemkubalia na harusi imepangwa."

"Na dharura?"

"Ijumaa chakula kilichelewa, nikaanza kusoma kabla ya kula, njaa inaniuma, na hapa nilikuwa nimetoka kukataliwa." Akamtazama kwa lawama kidogo. "Nikamuua."

"Mpima ardhi?"

"Siku mbili kabla ya harusi. Tangu Ijumaa haongei nami. Akiongea ni neno moja tu: soma tena, umeruka ukurasa. Nimesoma tena mara tatu, na mara zote anakufa, maana sijui nimtoeje. Nilidhani mwandishi angejua."

Mkuu alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayetaka kuuliza na cheo kinamzuia. Mkutubi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa, akaivaa tena. Wanaomjua wangejua kwamba kazi imeanza.

"Alikufaje, mzee?"

"Alianguka darajani. Akipima."

"Mchana au usiku?"

"Alfajiri. Palikuwa na ukungu."

"Nani alimwona akianguka?"

"Msaidizi wake. Alisikia kelele tu, akaikuta kofia."

"Na mwili?"

Namba Tatu akakuna kidevu. "Mwili sikuufikia. Chakula kilikuwa kimewekwa mezani."

"Basi hajafa," mkutubi akasema.

Midomo ya mzee ilicheza bila sauti, kama mtu anayejisomea sentensi ya kwanza. Kisha akasimama, akavuta koti likae sawa, na bila kuaga akatoka mlangoni kwa mwendo ambao hakuna aliyewahi kumwona nao. Ilikuwa saa nne kasoro. Alikuwa na muda wa kutosha kabla ya chakula cha mchana.

Mkuu alibaki amesimama mbele ya dawati. Alirekebisha mkanda, akatazama kule mlangoni, akarekebisha mkanda tena.

"Kesho nitaiambia kamati dawati linabaki," akasema. "Sababu nitaitafuta leo, maana hii hawataiamini."

Mkutubi alitikisa kichwa kukubali, na macho yake yalikuwa na maji, jambo ambalo shemeji yake angelitumia kwa miaka mingi baadaye.

Mkuu hakuondoka. Akavuta kile kiti alichokiacha mzee, akaketi ukingoni.

"Samahani, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Huyo mwalimu. Ameshaambiwa kwamba mchumba wake amekufa?"